Mtu Aliyesimama Haliliwi

Mimi kukaa chini sikujaliwa. Mama alikuwa akisema nina kiherehere cha kuku anayetafuta pa kutagia, na mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Njombe, alisema hivyo hivyo ila kwa maneno ya kisomi. Kwa hiyo siku aliponiambia anakwenda Dar es Salaam kuchukua vitabu vya shule, na kwamba amepata nafasi kwenye lori la Mhindi mmoja wa Makambako lililokuwa likipeleka pareto, maua yale ya dawa ya kuulia wadudu, sikumwacha amalize.

"Tunakwenda wote," nikasema.

"Mama, lile ni lori, si treni."

"Najua lori likoje. Nitakaa juu ya magunia."

Akacheka. Alidhani ni hamu ya mji, na hamu nilikuwa nayo, sikatai. Nani wakati ule asingetaka kwenda kuuona mji wa Gavana, halafu arudi awaringie wenzake kisimani? Lakini siku mbili tatu baadaye, nilipokwenda kumwachia mama mtoto, ile safari ikabadilika. Mama alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, akanitazama kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo miaka yote.

"Vizuri," akasema. "Basi utamwona kaka yako."

Hapo nieleze, maana bila hili mtaniona mwendawazimu.

Kaka yangu mkubwa alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya pili. Mama alimsindikiza kwa miguu kutoka kwetu mpaka Makambako, akamwona anapanda lori pamoja na vijana wengine, lori likaondoka. Baada ya hapo mama hakukanyaga tena Makambako. Vita vilipokwisha akaja askari mmoja, mtu wa upande wa Lugarawa, akiwa njiani kurudi kwao. Aliwaita baba zangu wadogo nje ya nyumba, akawaambia kwamba kaka alifia Burma na akazikwa huko huko porini. Baba mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Wakarudi ndani wote wameinamisha vichwa. Yule askari alipomwona mama, maneno yakamwishia. Badala ya kusema lililomleta, akataka kumfariji.

Sasa huyo askari alikuwa na Kiswahili cha jeshini, cha mbio. Mama alikuwa na Kiswahili cha kanisani. Nyimbo za kitabuni aliziimba zote, lakini kununua chumvi kwa Kiswahili lilikuwa jambo la kutafutiwa msaidizi. Nyumbani tulisema Kibena. Yule bwana akamwambia: "Mama, usilie. Askari kama mwanao amesimamishwa Dar es Salaam, katikati ya mji, watu wote wanamwona." Alikuwa akisema habari za ile sanamu ya askari iliyoko kule mjini. Mama akashika "askari", akashika "mwanao", akashika "amesimamishwa". Lile neno "kama" lilimpita pembeni, hata hakulisikia.

Basi ikawa hivyo. Baba wadogo walipokuja kusema tukae matanga, tumlilie kijana, yaishe, mama aliwatoa na mwiko wa ugali mkononi.

"Mtu aliyesimama haliliwi!"

Walimweleza kwa Kibena, walimweleza kwa upole, mmoja akamweleza kwa matusi. Wapi! Yeye alisikia kwa masikio yake, na aliyesema ni mtu aliyetoka huko. Shamba la kaka likakaa bila kulimwa, limeota miti, na jirani akipitisha ng'ombe pale, mama anatoka kugomba. Mimi nilipojifungua mtoto wa kiume nikataka apewe jina la mjomba wake, kama desturi ilivyo kwetu. Mama akakataa. "Jina lina mwenyewe," akasema. Mwanangu akakaa na jina la ubatizo peke yake, na ukoo mzima ukawa unamwita "mtoto" tu, wakisubiri.

Ndiyo maana aliposema utamwona kaka yako, nilijua ananituma kwa nani. Akaniambia nitazame uso, maana ingawa nilikuwa mdogo uso ule naujua. Halafu nitazame mkono.

"Wangu ni wa shoto. Tazama bunduki ameishika vipi. Na ukirudi uniambie kweli. Ukinidanganya nitajua, nimekuzaa mimi."

Sikumwambia mume wangu mpaka tulipofika Makambako. Lori lilikuwa bado linapakiwa, baridi ya asubuhi inakata masikio, na yeye anakula kiazi cha moto kwa uangalifu asichafue koti lake. Nikamwambia yote. Kiazi kikamkwama.

"Kwenye sanamu? Mke wa mwalimu, anayesomewa Amri kila Jumapili, asafiri safari yote hii kwenda kuangalia sanamu?"

"Sisemi tukaisujudie, Mwalimu."

"Tena ile sanamu mimi niliiona kwenye picha, kitabuni, nikiwa shule. Kaka yako alikuwa bado anachunga mbuzi. Ilisimamishwa kwa ajili ya vita vile vya kwanza. Unajua hilo?"

Nilijua. Aliwahi kuniambia zamani, na kichwani nililiweka. Lakini moyo nao una shule yake. Nilikuwa nikijiambia labda walimwondoa wa kwanza wakamweka mwingine, kama wanavyobadilisha jumbe. Labda wanabadilisha kila baada ya vita. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi sababu.

Dereva alikuwa chini ya lori akigonga kitu kwa spana, na kumbe alikuwa akisikia. Alikuwa Mkatoliki wa Uwemba, mtu wa utani, tena alijua sisi ni Walutheri.

"Mama mwalimu," akasema akiwa huko huko chini, "njooni kwetu Uwemba, sanamu tunazo na hazijamuuma mtu."

"Wewe tengeneza gari," mume wangu akamjibu.

Njia nzima nilikuwa mtu wa kuuliza. Bado? Tuko wapi? Pale ni wapi? Vumbi la pareto lilitupigisha chafya mpaka Iringa, na tulipoanza kushuka, joto likaja kutupokea. Nikavua sweta. Mume wangu hakuvua koti. Alisema mwalimu haingii mji mkuu kama mvuna mahindi. Mbele kidogo alikuwa akitiririka jasho, lakini koti lipo. Nyumba ya wageni ya kanisa tuliyolala ilikuwa na sifa ya viroboto, na nasema kweli, hakuna hata kimoja kilichotugusa. Tulinuka pareto kama maghala mawili.

Vitabu alivipokea asubuhi. Kufika saa sita kazi imekwisha, vitabu viko kwenye lori, na dereva anasema tutaondoka kesho alfajiri, akichelewa mtu atarudi Njombe kwa miguu. Basi mchana ule mmoja ulikuwa wetu. Mume wangu alikuwa na mipango yake tangu nyumbani: bandarini kuona meli, kisha jumba la makumbusho, kisha sokoni Kariakoo, na kama miguu ingeruhusu, majumba ya Wazungu tuyaone kwa nje. Sanamu hakuitaja. Nilijua ananisubiri mimi niitaje tugombane.

Sikuitaja.

"Tuanze bandarini," nikasema.

Akanitazama, akafurahi, tukaenda. Sasa mtu wa Njombe anapoiona bahari kwa mara ya kwanza anatakiwa ashangae, na mume wangu alishangaa kwa niaba ya sote wawili. Alinieleza meli hii ya nini, ile ya nini, mnyororo ule uzito wake. Nikatazama. Maji mengi, chuma kingi, watu wamebeba katani vichwani wanakimbia.

"Nimeona," nikasema. "Twende kwingine."

"Mama, hata hatujakaa!"

"Tumekuja kukaa? Twende makumbusho."

Makumbusho tulizunguka kama watu waliopoteza kitu. Ngoma, mikuki, vyungu. Nikamwambia vyungu kama vile kwetu tunapikia maharage, sikuja Dar es Salaam kuona vyungu. Tukatoka. Nikasema twende sokoni. Jua lilikuwa kali hata lami inanata, viatu vyangu vya Krismasi vinanibana vidole, na mimi niko mbele, mwalimu nyuma na koti lake. Kariakoo nilishika kanga nikaiacha, nikashika nyingine nikaiacha, mwenye duka akaniuliza, "Dada, unanunua au unazihesabu?" Nikamjibu vibaya. Nilikuwa namjibu kila mtu vibaya siku ile. Nikatoka dukani nikasema, "Sasa majumba ya Wazungu."

Mume wangu akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukampita karibu umgonge.

"Hapana," akasema. "Ngoja kwanza. Tangu Makambako umeililia sanamu. Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia, maneno yote ninayo. Tumefika, unakimbia kila mahali isipokuwa huko. Kuna nini?"

Watu wanapita, sisi tumesimama. Nikajikuta machozi yananitoka pale pale sokoni, mbele ya wauza nazi.

"Naogopa, Mwalimu. Nisipoiona naweza kumwambia mama sikupata nafasi. Nikiiona, basi. Nitakuwa mimi ndiye niliyemuua."

Alitazama jua, maana lilikuwa limeanza kuelekea kule linakozama. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamume wa kwetu wakati ule hafanyi hadharani: akanipokea kikapu, akakitundika kwenye mkono wake yeye, koti lake likiwa bado mwilini, akaanza kutembea. Nikamfuata. Alikuwa akiuliza njia kwa Kiswahili chake kizuri cha darasani, na watu wakimjibu huku wanakitazama kikapu.

Sanamu yenyewe imesimama njia panda, kwenye barabara kubwa ya maduka, na magari yanaizunguka. Ni mtu wa shaba, mweusi, juu ya jiwe refu. Amejikunja mbele kama anayeingia vitani sasa hivi, bunduki ameitanguliza na singe yake, miguu imefungwa vitambaa mpaka magotini. Niliiona kwa nyuma kwanza. Na kwa nyuma, nawaapia, moyo ulinipasuka, kwa sababu mabega yalikuwa ni ya kaka. Mabega ya mtu aliyezoea kubeba.

Nikavuka barabara bila kutazama. Gari likapiga honi. Askari wa barabarani, huyu wa nyama na damu, akanifokea, "Wewe mama! Unataka kufa?" Mume wangu akaja akamwomba radhi kwa niaba yangu. Mimi niko chini ya jiwe, shingo nimeiinua, nazunguka kuutafuta uso.

Hakuwa yeye.

Hata kidogo. Kaka alikuwa na uso wa duara wa nyumbani kwetu, na masikio yaliyosimama tuliyokuwa tukimcheka. Huyu alikuwa na uso mrefu, taya nyembamba, pua ya watu wa mbali. Nikatazama mkono. Wa kulia ndio ulioshika nyuma, kwenye kifyatulio, kama wanavyoshika watu wote.

Nilikasirika. Sijui kwa nini nilimkasirikia yeye, yule wa shaba, kana kwamba alichukua mahali pa mtu kwa hila. Nikasema kwa sauti, kwa Kibena, maneno ambayo mke wa mwalimu hayasemi. Magari yanapita, Wahindi wanafunga milango ya maduka, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yule mtu. Yule bwana wa Lugarawa alisema watu wote wanamwona. Hakuna aliyekuwa akimwona.

Mume wangu alisoma maandishi yaliyo kwenye jiwe, yale ya Kiswahili, akasoma polepole mpaka mwisho. Kisha akavua kofia. Aliposhtuka kwamba kofia iko mkononi na mbele yake ni sanamu, akaanza kujipepea nayo.

"Joto," akasema.

Halafu akasema bila kunitazama, "Jeshini hawakubali shoto. Wote hufundishwa kushika kulia."

Sikumwelewa.

"Nasema, mkono si ushahidi. Na uso, mtu akichongwa hubadilika. Unaweza kumwambia mama ni yeye. Haitakuwa..." Akatafuta neno. "Haitakuwa uongo mkubwa."

Nikamgeukia. Mtu huyu aliwachapa watoto wa shule kwa kusingizia mvua. Mtu huyu tangu tuoane hakuwahi kuniambia ugali ni mtamu kama haukuwa mtamu.

"Mwalimu, ni wewe unayesema hivyo?"

"Ni mimi," akasema. "Nimemwona mama yako akigombea lile shamba. Mimi siwezi kumwambia. Kama wewe unaweza, basi una moyo kuliko mimi."

Tukarudi tulikolala. Sikula. Majumba ya Wazungu hatukuyaona, na mpaka leo sijayaona.

Njia ya kurudi sikuuliza tutafika lini. Niliomba lori liharibike. Halikuharibika, lori la Mhindi huharibika ukiwa na haraka tu. Dereva akaona nilivyo, utani wake akauweka kando. Tulipokaribia Makambako akasema tu, "Mama mwalimu, nitamwombea huyo kaka yako kwetu kanisani, msikasirike." Mume wangu akamwambia ahsante. Njiani nilikuwa nimekwisha kuamua mara nyingi kwamba nitasema ni yeye, na mara nyingi kwamba nitasema si yeye. Milima ya kwetu ilipotokea, na ukungu umeikalia, nilikuwa sijui lolote.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, mwanangu amelala karibu na moto.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

Akanipisha kigoda. Hakuuliza habari za safari, hakuuliza bahari. Aliendelea kumenya kiazi alichokuwa nacho, akakiweka kwenye maji, ndipo akasema, "Haya."

Nikafungua mdomo niseme ni yeye. Naapa hilo ndilo nililotaka kusema. Lakini alikuwa ameniinulia uso, na uso ule ulikuwa na masikio yale yale ya kaka, yamesimama. Nikaona siwezi kusema kwamba mtu yule mwenye taya nyembamba ametoka kwenye uso huu.

"Si yeye, mama. Nimemzunguka pande zote. Ni mtu mwingine."

Alichukua kiazi kingine. Akakigeuza geuza, akakirudisha kwenye kikapu bila kukimenya. Nilingoja apige kelele, aniite mwongo, achukue mwiko. Nilikuwa radhi hata anipige. Akajifuta mikono. Kisha akaniambia niwaite baba zangu wadogo, niwaambie waje na watu wao, na wanawake waje na unga.

Tulimlilia kaka kwa miaka yote tuliyodaiwa. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto. Mume wangu aliongoza sala, na sauti ikamkatika mbele ya wanafunzi wake. Mwanangu akapewa jina, na alipoitwa kwa mara ya kwanza hakujua ni yeye anayeitwa, akaendelea kuchezea majivu.

Asubuhi ya kuanua matanga tulinyoana nywele, kama ilivyo desturi kwa wafiwa. Mimi nilimnyoa mama. Alikaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, shingo ameinamisha, nywele zimekuwa nyeupe na mimi sikuwa nimegundua. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa aliposema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu:

"Na yule wa Dar es Salaam. Ni mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Jina halikuandikwa."

Niliendelea na wembe.

"Mama yake ameshaambiwa kwamba yuko pale?"